Bikira Mbele ya Jicho la Roboti

Yaretzi Olvera hajui kutulia. Tangu mwaka wa kwanza wa uhandisi wa mekatroniki hapa Celaya, Meksiko, miguu yake ilicheza chini ya meza mpaka sisi tuliokaa naye benchi moja tukawa tunaandika herufi zinazotetemeka. Asubuhi ya mtihani wa mradi alikuwa ameshamaliza kung'ata kucha, amehamia kwenye kifuniko cha kalamu. Sikumlaumu. Alishaanguka mtihani huo mara mbili, na kwetu ukianguka mara ya tatu unafukuzwa chuo, hakuna cha msamaha.

Mradi wake ulikuwa mkono wa roboti wa kupanga chupa za kajeta, ile karameli ya maziwa ya mbuzi ambayo mama yake, doña Eduviges, huipika na kuiuza sokoni. Chupa inapita kwenye mkanda, jicho la mwanga, kihisi kinachorusha mwanga na kungoja urudi, linaiona, mkono unaidaka na kuitia kwenye kasha. Jana yake ulikuwa umepanga chupa zote bila kosa.

"Haya binti, washa," alisema injinia Zúñiga, mkuu wa watahini.

Akawasha. Mkono ukashuka kwa madaha, ukabana hewa, ukaitia hewa kwenye kasha.

"Kajeta ya malaika hiyo," nikanong'ona. Akanikata jicho, na kusema kweli hata mimi roho ilikuwa juu.

Akafungua kompyuta, akabadili programu, akairudisha, akaibadili tena. Hewa. Akakaza nyaya. Hewa. Zúñiga akatazama saa.

"Dakika kumi, Yaretzi. Baada ya hapo naandika nilichokiona."

Ndipo alipoiacha kompyuta, akainama kuangalia kitaa cha lile jicho, ambacho huwaka likiona chupa. Kilikuwa kinawaka, na mkanda ni mtupu. Akafuata njia ya mwanga kwa kidole mpaka upande wa pili, na pale kwenye fremu alikuwapo Bikira wa Guadalupe, Mama Maria wa Wameksiko, wa karatasi ya dhahabu inayong'aa, amebandikwa vizuri kwa gundi. Jicho lilimwona yeye, likadhani ni chupa.

Doña Eduviges alikuwa ameketi mstari wa mbele, rozari mkononi.

"Nimembandika asubuhi hii, mwanangu, akulinde."

"Mbandue tuendelee," alisema Zúñiga, lakini mwenyewe hakunyoosha mkono. Mtahini mwenzake alijifanya anatafuta miwani.

Yaretzi alishika ukingo wa picha, akauachia.

"Hapana, Injinia. Nikimbandua leo, kesho kiwandani watambandika tena. Celaya hii kuna mashine gani isiyo na Bikira? Kosa ni langu, jicho nimeliweka pabaya."

Nikasema moyoni, huyu amepagawa. Dakika zinayoyoma na dawa iko mkononi! Akalegeza skrubu, akalihamishia jicho juu, litazame chini kwenye mkanda mweusi usiorudisha mwanga. Skrubu moja ikadondoka, akaitafuta kwa magoti huku akitukana chinichini. Akawasha.

Mkono ukatulia, ukangoja. Chupa ikaja, ukaidaka, ukaiweka kwenye kasha. Zikafuata nyingine mpaka kasha likajaa, na Bikira yuko palepale. Zúñiga akaandika kwamba Yaretzi amefaulu, kisha akafanya ishara ya msalaba upesiupesi, akidhani hatumwoni.

Doña Eduviges akamkumbatia bintiye. "Si nilikwambia atakusaidia?"

"Mama! Nusura anifukuzishe chuo!"

"Na hilo kosa lako, nani kakuonyesha?"

Yaretzi aliitazama tena ile picha ya dhahabu. Kisha akaketi palepale sakafuni akalia, na kwa mara ya kwanza miguu yake ilikuwa imetulia.