Marahaba ya Bibi

Mama Evelyne wa kijiji cha Tlawi alibatizwa Genoveva, lakini ukimwita hivyo hageuki. Analima maharage na vitunguu saumu, anafuga ng'ombe mmoja mkorofi, na amepangisha vyumba viwili kwa walimu: kimoja changu, kingine cha Hatibu wa fizikia. Kwenye salamu hana mchezo. Ukipita mlangoni kwa mama mkwe wake bila kumwamkia, utarudishwa hata kama umeshafika barabarani.

Asubuhi moja ya masika alimrudisha binti yake mwenyewe. "Evelyne, bibi hujamwamkia. Rudi." Binti akarudi akinung'unika, akatoa shikamoo, bibi akaitika marahaba. Wenzake wa shule hawakumsubiri, walivuka korongo na viatu vikavu. Yeye alifika nyuma yao kidogo, na maji ya mvua iliyonyesha mlimani yakamkuta katikati.

Tulimzika. Siku chache baadaye bibi, ambaye haoni lakini masikio yake ni makali, alianza kuitika "marahaba" saa ileile ya asubuhi, mlango ukiwa wazi na hakuna mtu. Mimi naogopa, sifichi. Chai yangu siku hizi nainywa shuleni.

Jumamosi moja Hatibu alikuwa barazani akiandaa somo. Alikuwa ameunganisha vijiti viwili kwa msumari, cha juu kikining'inia kwenye boriti, cha chini kikizunguka kinavyotaka.

"Wanaiita nadharia ya machafuko," alisema.

"Kama hali ya hewa inavyochafuka?" aliuliza Mama Evelyne, akipeta maharage.

"Hiyohiyo, mama. Tazama."

Akainua vijiti hadi kwenye alama ya mkaa ukutani, akaachia. Vikacheza. Akavirudisha kwenye alama ileile, akaachia tena. Mwanzo vilifuata njia ya kwanza, kisha cha chini kikasita, kikapinduka upande mwingine kabisa. Ng'ombe aliacha kutafuna. Hatibu akaeleza kwamba hapo hakuna pepo wala bahati, sheria ni zilezile. Ila hakuna mkono unaoweza kurudisha kitu palepale kabisa, na tofauti ndogo kuliko unywele inakua, inakua, mpaka inameza kila kitu. Ndiyo maana watu wa hali ya hewa wanaweza kukuambia mvua ya kesho, lakini ya mwezi ujao wanabahatisha.

Mama Evelyne aliweka ungo chini. "Kwa hiyo, mwalimu, nisingemrudisha, angevuka."

Nilitamani Hatibu adanganye. Mtu wa fizikia hajui kudanganya.

"Angevuka, mama. Lakini hata jogoo angewika mapema kidogo, angevuka. Pengine ulishamrudisha siku nyingine ukamwokoa, wala hatujui. Asubuhi ile hakuna mtu angeweza kujua."

"Sijauliza kama ningejua. Nauliza kama ni mimi."

Hatibu alivishika vijiti visiendelee kucheza.

Jumatatu alichelewa kuamka, akapita mlangoni kwa bibi bila kuamkia. Mama Evelyne alimwona. Alifungua mdomo, akaufunga. Hatibu naye alikumbuka akiwa ameshafika barabarani, akasimama, akatazama mbele, akatazama nyuma, asijue lipi ni salama.

Ndani, bibi akaitika: "Marahaba, Evelyne."

Mama Evelyne alikaa pale kizingitini kwa bibi. "Rudi," alisema, kwa sauti ndogo.

Hatibu alirudi haraka, akainamisha kichwa kuomba radhi. Mimi nilikuwa karibu nao. Mama Evelyne hakuwa akimtazama yeye.