Fundi Sura na Uso wa Mama

Wenye nacho walimwita Fundi Sura, na hawakukosea. Mke wa waziri aliingia studio kwake akiwa na videvu viwili, akatoka kwenye turubai na kimoja. Jaji mwenye makengeza alitazama mbele sawasawa. Kabla ya kushika brashi, Fundi Sura alimzunguka mteja taratibu akitafuta kasoro. Akishaipata, basi, jicho lake halikuigusa tena mpaka kazi iishe. Miaka nenda miaka rudi alilizoesha jicho hilo kuruka kasoro. Watu walipanga foleni kudanganywa, naye akajenga ghorofa.

Mama yake alipofariki, ndugu walimwomba jambo moja tu: awachoree uso wake. Marehemu hakupenda kamera hata kidogo, na picha ya kitambulisho ilikuwa imefifia, umebaki mtandio tu. Fundi Sura akajifungia, akachora kwa kumbukumbu huku machozi yakimtoka, akaamini hajawahi kufanya kazi safi kama ile.

Siku ya kuionyesha, sebule ilijaa. Akavuta shuka. Mama mdogo, mdogo wake marehemu, akasogea, akavaa miwani, akaivua.

"Mzuri kweli," akasema. "Sasa huyu ni mke wa nani?"

"Mama mdogo, si dada yako huyo!"

"Dada yangu? Acha utani, mwanangu. Kovu lake liko wapi?"

Fundi Sura akapigwa na butwaa. Kovu! Lilishuka kutoka chini ya jicho hadi karibu na mdomo. Hata wauza duka walimtambua kwalo. Amelisahau vipi? Akatoa kicheko kikavu, akachovya brashi kwenye rangi.

"Dakika moja tu, nalirudisha."

Mkono ukaenda shavu la kulia. Ukasita. Ukahamia la kushoto.

"Mama mdogo," akanong'ona, "lilikuwa upande gani?"

Mama mdogo akashika mdomo. "Unaniuliza mimi? Si wewe uliyemkwaruza kwa msumari, amekupakata! Alikuwa akituchekesha, anasema huo ndio mchoro wako wa kwanza."

Watu wakatazama sakafu. Fundi Sura alibaki amesimama mbele ya mashavu mawili laini, rangi ikimdondokea kwenye kiatu, asijue pa kuanzia.