Jani la Isale Kwenye Lango la Ndege

Naftali wa Nkoaranga, kule mlimani, aliipenda kazi yake kupita kiasi, na hilo ndilo lililomponza. Alikuwa askari mlinzi wa kiwanja cha ndege cha Arusha enzi za Mwingereza, na kaptula yake ya kaki aliipiga pasi kama anakwenda kuoa. Zamani kazi yenyewe ilikuwa kufukuza mbuzi wasilale kwenye njia ya ndege. Kisha Kenya ikachafuka, na abiria wa kutoka Nairobi wakawa wanashuka wakitazama nyuma. Serikali ikazungusha seng'enge, ikaweka lango, ikaleta amri mpya: kila mzigo ufunguliwe, na mlinzi asipokee kitu kutoka mkononi mwa mtu asiye na ruhusa, hata awe mama yake mzazi. Mzungu msimamizi akamkabidhi Naftali lango, naye akavimba kichwa. Kwao hakuna aliyewahi kukabidhiwa hata mlango wa kanisa.

Tangu walipomzika baba yao, Naftali na mdogo wake Yoeli hawakuwa wakisalimiana. Waligombania mpaka wa shamba la baba, na siku moja Yoeli, kwa hasira, akaifyeka mibuni ya kaka yake. Naftali akaapa kutokanyaga kwa mdogo wake hadi aje mwenyewe kuomba radhi.

Yoeli akaja. Alikuja mchana, ndege ya Nairobi ikisubiriwa, amekonda, ameshuka mlima kwa miguu. Akasimama mbele ya lango, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa jani la isale na kumnyooshea kaka yake kwa mikono miwili.

Kwa Wameru jambo hilo halina mjadala. Mtu akikuletea isale, hata kama alikuchomea nyumba, unalipokea na ugomvi umekwisha. Kulikataa ni kumwambia mwenzako kwamba kwako ameshakufa. Lakini Mzungu alikuwa nyuma ya Naftali, na alikuwa ameuona ule mkono ukiingia kotini.

"Nini hiyo?"

"Ni jani, Bwana."

"Amri inasema nini?"

Mikono ya Naftali ikabaki ubavuni. Alitaka kulipokea, Mungu ni shahidi wake, ila aliliwaza lango lake na kofia yake. Akaona heri kumuudhi ndugu, maana ndugu ataelewa. Ndivyo tulivyo, wa nyumbani ndiye tunayemwambia asubiri.

"Rudi nyumbani, Yoeli. Jumapili nitapanda mwenyewe, tutayamaliza."

"Kaka, lishike tu."

"Amri hairuhusu. Jumapili."

Yoeli akalirudisha jani kotini, akaenda zake. Mzungu akamsifu Naftali kwamba sasa lango limepata mwenyewe, na sifa zile, tuseme kweli, zilimfurahisha hadi jioni.

Jumapili alipanda mlima na sukari mkononi, akakuta watu wamejaa uani. Yoeli alikuwa amekata roho alfajiri ile. Uvimbe wa tumbo ulikuwa umemla muda mrefu, na alishuka mjini akijua hautibiki. Tabitha, mke wake, akampokea Naftali mlangoni, macho makavu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Tabitha. Mbona hakuniambia anaumwa?"

"Hakutaka umsamehe kwa kumwonea huruma."

Naftali akaketi kizingitini akalia, mtu mzima yule, mbele ya majirani wote. Alimlilia mdogo wake, na alijililia mwenyewe.

"Alisema nini juu yangu?"

"Homa ilimpanda, akawa hakumbuki lililotokea huko langoni. Kila akizinduka aliniuliza, 'Kaka alilipokea?' Nikamwambia ulilipokea kwa mikono miwili. Amekufa ameamini."

Naftali akafungua mdomo kumshukuru.

"Usinishukuru, shemeji. Nimemdanganya mume wangu akiwa anakufa. Wazee wako ndani, wanataka kujua, kabla hatujamzika, kama mlipatana. Wao sitawadanganya. Ingia ukawajibu."