Ndege ya Mjomba Juu ya Mihogo ya Bibi

Jana katika soko la mji wa Baraka, mama mmoja alikuwa akimimina mafuta ya taa kwenye chupa, na mara nikawa mtoto tena, uso wangu umezama katika koti la mjomba lililonuka vilevile.

Mjomba alikuwa rubani wa ndege za kivita. Kazi yake hasa ilikuwa kuzijaribu zile zilizotoka kutengenezwa, kabla wenzake hawajazipanda. Alipokuja likizo na kumweleza mama yake, yaani bibi yangu, bibi aliacha kutwanga sombe, yale majani ya mihogo.

“Iyo muntu wa kwanza, lazima akuwe mutoto yangu?”

“Mama, mi najua kusikia kama ndege iko mugonjwa. Siku moja nitapita apa na ile nimejaribu. Utaniona.”

Alipoondoka, bibi hakutaka hata tumtaje. Lakini kila ndege ilipovuma mbali, jembe lake lilisimama hewani.

Asubuhi moja tukiwa shambani, ngurumo ilitoka upande wa ziwa. Ndege ilikuja chini mno hata majani ya mihogo yakalala, nami nikaziba masikio. Iliinamisha bawa la kulia, kisha la kushoto.

“Ni yeye!” nilipiga kelele.

Bibi alifungua kitenge cha kichwani akakimbia akikipeperusha, akikanyaga ile mihogo michanga ambayo sisi watoto tulikatazwa hata kuigusa. Alikuwa analia na kucheka.

“Rudilia!” aliita. “Mutoto yangu, rudilia tena!”

Na ndege, ikimeta juu ya rasi ya Ubwari kule ziwani, ikageuka ikarudi.