Mbayuwayu Hapokei Lumbesa

Alhamisi ya tarehe 12 Juni 2025, saa kumi na dakika nane alasiri, mchezaji aliyejiandikisha kwa jina la Silvana Magunia alinunua chombo chake cha pili cha anga. Jambo hilo halina ubishi, kwa kuwa kumbukumbu za mchezo zinaonyesha siku, saa, dakika na aina ya chombo. Mengine yote yametoka vinywani mwa waliokuwapo, na kila aliyesimulia alilazimika kunyamaza mahali fulani ili amalize kucheka kwanza.

Silvana ni mnunuzi wa mahindi wa Laela, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja. Ghala lake linatazama barabara ya lami iendayo Tunduma, hatua chache kutoka mabasi yanapoteremsha abiria. Kwa miaka ishirini na mitatu amenunua mahindi na ulezi wa uwanda wa Ufipa, kuanzia mashamba ya jirani hadi ya Msanzi, na jicho lake limefundwa na kazi hiyo. Hulitazama gunia likiwa bado limefungwa nyuma ya baiskeli, akataja uzito wake, na mizani ikaja kumwunga mkono. Mumewe, Modesti, ana mashine ya kupukuchulia mahindi uani kwao. Binti yao wa pekee, Rahel, ni muuguzi. Alipangiwa kazi Mtwara, safari ya siku tatu kwa mabasi.

Rahel ndiye aliyemwingiza mama yake katika mchezo.

"Mama, kwenye simu unaniuliza nimekula nini, nakujibu, halafu tunabaki kusikilizana tunavyopumua," alimwambia mwezi wa pili. "Njoo kwenye gemu tufanye kazi pamoja kama zamani ghalani."

Silvana alimwambia kwamba utu uzima haujamtoka kiasi hicho. Wiki iliyofuata alikuwa ameketi mbele ya kompyuta katika banda la Wilibrodi, fundi simu wa mlango wa pili, akijifunza kuchimba mawe ya chuma katika sayari ndogo isiyo na hewa.

Kila anayeanza mchezo ule hupewa bure chombo kimoja kidogo. Cha Silvana alikiita Bajaji, kwa sababu kilitikisika kwenye kila kona na kilibeba makasha ishirini tu. Kwa Bajaji hiyo, alasiri kwa alasiri, wateja wakishapungua, alichimba na kurundika madini katika ghala la kituo cha wanaoanza. Rahel na wenzake wanane walikuwa wakijenga kituo chao upande wa pili wa Pengo, eneo kubwa la giza lisilo na mahali pa kujaza mafuta. Bajaji haikuweza kulivuka. Kwa miezi minne, basi, mama na binti walicheza mchezo mmoja bila kuonana.

Mwanzoni mwa Juni Rahel alileta habari. Kituo kilikuwa karibu kukamilika, ila kilipungukiwa chuma cha gati la mwisho. Chuma hicho kingetoka katika makasha mia nne na sitini ya madini. Ikifika Jumamosi saa kumi na mbili jioni gati halijakamilika, kiwanja kingefunguliwa kwa kundi lolote litakalokitaka.

"Madini hayo ninayo," Silvana alisema. "Yote mia nne sitini yamelala ghalani. Nitayaleta mwenyewe."

"Mama, si lazima wewe. Tunaweza kumtafuta mtu wa huko ayalete."

"Nije kukuona mara ya kwanza kwako, halafu mzigo wangu aulete mtu mwingine? Mimi nitapita mlangoni nikiwa nimebeba nini?"

Rahel hakuendelea kubishana. Alimjua mama yake. Alipokuwa akisoma Sumbawanga, mama huyo hakuwahi kumtembelea bila debe la maharage, unga wa ulezi na kuku ndani ya kikapu, hata siku aliyokwenda kwa saa moja tu.

Siku ya kuchagua chombo cha kuvukia Pengo, Wilibrodi alivuta kiti akaketi kando yake. Naye ni mchezaji, wa miaka mitano, na hujiona mwalimu. Majina halisi ya vyombo yalikuwa ya kigeni na marefu, kwa hiyo wachezaji wa kwao walikuwa wamevibatiza upya. Akiba ya Silvana ilitosha kimoja kati ya vitatu. Nyigu alikuwa na mizinga minne, na nafasi ya mzigo isiyozidi mkoba. Punda alibeba makasha mia sita, lakini kulivuka Pengo kulimchukua saa tisa, na nahodha hakuruhusiwa kuondoka kwenye usukani. Mbayuwayu alivuka kwa saa mbili. Alibeba makasha mia nne.

"Chukua Nyigu, Mama Rahel," Wilibrodi alishauri. "Mtu akikuona unakuja na Nyigu, anakuamkia kabla hujafika."

"Nimpige nani, Wili? Mimi nakwenda kwa mwanangu."

"Basi Punda. Mzigo wako unaingia wote na nafasi inabaki."

"Saa tisa Jumamosi ya Juni! Wakulima wakija wanikute nimekaa kwako naendesha punda? Baba Rahel atanifukuza." Aliinamia kioo. "Huyu Mbayuwayu ndiye wangu. Anakwenda na kurudi kama mtu mwenye shughuli zake."

"Anabeba mia nne. Wewe una mia nne sitini."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa ambalo lisingeweza kuzaliwa kokote ila kwenye barabara ya mahindi. Siku hizi Silvana hununua kwa kilo, juu ya mizani iliyokaguliwa na watu wa vipimo. Lakini alijifunza kazi katika zama za lumbesa, gunia linalojazwa hadi mdomoni kisha likavishwa kofia ya kamba na kujazwa tena, mpaka linasimama kama mtu aliyevaa kilemba. Kwa jicho lililokulia hapo, idadi iliyoandikwa ubavuni mwa chombo chochote ni mahali pa kuanzia mazungumzo.

"Sitini ni lumbesa tu hiyo," alisema. "Tutashindilia."

Kabla Wilibrodi hajamzuia, Silvana alikuwa amekwisha kubonyeza.

Mbayuwayu alitokea akiwa mweupe, mabawa yamekunjwa nyuma, na Silvana alipiga makofi kama aliyeletewa pikipiki mpya. Akaanza kupakia. Makasha yaliingia mia, mia mbili, mia tatu, mia nne. Alipoweka la mia nne na moja, maandishi mekundu yakawaka: SHEHENA IMEJAA.

Akajaribu tena. Maandishi yakawaka tena.

"Mwambie asogeze yale ya nyuma," alimwambia Wilibrodi.

"Nimwambie nani?"

"Kuli wake!"

"Hakuna kuli, Mama Rahel. Hiyo ni hesabu."

"Hata juu ya paa? Tufunge kamba?"

Wilibrodi aliteleza kutoka kwenye kiti hadi sakafuni kwa kicheko. "Watu wa vipimo wamekukamata mpaka angani!" alisema akiwa chini. Jioni ile stendi nzima ya Laela ilikuwa na habari, na makondakta waliokuwa wakipita ghalani waliuliza kwa heshima kubwa, "Shikamoo mama, roketi ina nafasi ya mmoja kwenye bodi?"

"Marahaba. Ya kwako ni kwenye tairi," naye aliwajibu.

Lakini alipofunga ghala alianza kupiga hesabu. Chombo kilichonunuliwa kilirudishwa kwa nusu ya thamani yake, na nusu hiyo haikutosha Punda. Kwenda mara mbili kuliwezekana kwa mwendo, ila mafuta ya kurudi hayakuuzwa upande ule. Kama angepeleka mia nne, gati lingebaki na upungufu na kiwanja kingepotea, na aliyekipoteza angekuwa yeye. Kumwomba mtu mwingine abebe zile sitini hakukubali: alikwisha kusema atayaleta mwenyewe. Usiku ule hakumpigia Rahel simu. Alimwandikia tu kwamba chombo kimepatikana, ni kizuri, kina mabawa.

Ijumaa alasiri uani kulikuwa na baridi ya Juni na vumbi la mahindi. Mashine ya Modesti ilikuwa ikinguruma. Mkulima mmoja kutoka Msanzi alisimamisha gari na kuuliza kama angeweza kupelekewa mahindi yake Sumbawanga yakiwa bado kwenye magunzi, apukuchue huko huko na kuokoa ujira wa mashine. Modesti alizima injini ili asikike vizuri.

"Ndugu yangu, utajaza gari zima magunzi? Mjini wanakula punje. Gunzi liache hapa hapa, lisafirishwe la nini!"

Silvana alikuwa akishona mdomo wa gunia. Sindano ilisimama hewani.

"Rudia hapo, Baba Rahel."

"Nirudie nini?"

"Hapo pa gunzi."

Hakungoja jibu. Alivuka hadi kwa Wilibrodi na sindano ya kushonea magunia ingali mkononi, na fundi yule alipoiona alirudi nyuma hadi ukutani.

"Wili, yale mawe. Chuma chenyewe ni kiasi gani ndani yake?"

"Kasha moja katika matano. Mengine ni takataka tu."

"Na hapa kituoni hakuna tanuru?"

"Lipo. Lakini halitumiwi na mtu. Linakata ujira, kasha moja la chuma katika kila kumi. Wote tunabeba mawe mpaka kwa mwenye kujenga, yeye anayeyusha kwake bure."

"Kwa hiyo wote mnasafirisha magunzi!"

Wilibrodi akaanza kucheka polepole, safari hii akijicheka mwenyewe. "Miaka mitano, Mama Rahel. Na hapa Ufipa wazee walikuwa na matanuru ya chuma marefu kuliko nyumba. Waliyeyusha kwanza."

Ili kufidia makasha ambayo tanuru lingeyakata, Silvana aliirudia Bajaji yake na kuchimba makasha sitini mengine, safari tatu, mpaka jua likakaribia kuzama. Akayaingiza yote mia tano na ishirini tanuruni. Jumamosi mchana chuma kilikuwa tayari: kila kilichohitajiwa, na makasha mawili zaidi. Kilipopakiwa kilichukua pembe moja tu ya Mbayuwayu. Makasha zaidi ya mia tatu yalibaki matupu.

Silvana aliutazama utupu ule, na waliokuwapo wanasema uso wake ulibadilika, kama wa mtu aliyeona kikapu kinaondoka nyumbani nusu. Katika soko la kituo cha wanaoanza kuliuzwa nafaka ya bustani za angani, bei ya kutupa, kwa kuwa hakuna aliyejishughulisha nayo. Akajaza nafaka mpaka maandishi mekundu yakawaka. Akaongeza kubonyeza mara moja.

"Mama Rahel!"

"Nilikuwa namjaribu tu."

Alikuwa ameazimia kuondoka saa tisa kamili, lakini yule mkulima wa Msanzi alirudi na magunia ya mahindi yaliyokwisha kupukuchuliwa, na mteja hafukuzwi. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano alipokaa kwenye usukani, kilemba kimekazwa. Kwenye Pengo hakukuwa na kitu, giza tu, na namba ya mafuta iliyokuwa ikishuka. Wilibrodi hakutania kwa saa mbili nzima. Modesti alikuja akasimama nyuma yao akiwa na vumbi la mahindi kwenye nyusi, akauliza mara moja tu kama huko mbele kuna barabara, na akajibiwa kwamba hakuna. Akasema basi heri, hakuna na matuta.

Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni taa ya kwanza ilionekana. Zikafuata nyingine, na kituo kikajitokeza chote, duara lenye pengo moja upande wa kulia. Sauti ya Rahel ikaingia kwenye spika, karibu kuliko ilivyowahi kusikika kwenye simu.

"Mama! Ni wewe huyo? Mbona una mabawa?"

"Nilikwambia. Nipokee mzigo kwanza, tutasalimiana baadaye."

Gati lilikamilika zikiwa zimesalia dakika kumi na moja. Wenzake Rahel, ambao wengi wao hawajawahi kufika Rukwa, walimwamkia shikamoo mmoja baada ya mwingine, sauti nane kutoka mikoa minane, naye aliwaitikia wote kwa zamu. Kisha Rahel alifungua shehena yote.

"Mama, hizi nafaka mia tatu ni za nini?"

"Za kwako na wenzako. Umekula nini leo?"

Kicheko kilichofuata kilisikika, kwa ushahidi wa makondakta wawili, hadi stendi. Modesti alicheka mpaka akashika mlango. Mbayuwayu na chombo cha Rahel vilisimama bega kwa bega pale gatini mpaka Wilibrodi akafunga banda lake, na mama na binti wakazungumza muda wote huo bila kuulizana tena habari za chakula.

Limesalia jambo moja. Mbayuwayu alipokaribia, gati lile ambalo lilikuwa bado halijakamilika tayari lilikuwa na jina, limeandikwa kwa herufi kubwa nyeupe: LAELA. Kumbukumbu za mchezo zinaonyesha kwamba jina hilo liliandikwa Ijumaa saa mbili usiku, wakati ambapo chuma bado kilikuwa tanuruni na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba kingefika. Watu kumi walikuwa na ruhusa ya kuliandika: Rahel, wenzake wanane, na Wilibrodi, aliyeingizwa kundini siku hiyo hiyo. Wote kumi wameulizwa, na wote wamekana. Nani aliyeliandika haijulikani.