Wa Pili Kutoka Kulia

Picha ilifika kwenye simu ya mjukuu wangu Mwende siku ya Jumamosi, tukiwa jikoni kwangu hapa Hallonbergen, Swideni, mimi nakoroga uji, yeye anapaka siagi mkate wake. Akaigeuza simu nione. Watu kumi na tisa wamepangwa kando ya reli, wamekunja nyuso kwa jua, na nyuma yao nyasi mpaka macho yanapochoka. Nikausahau mwiko ndani ya sufuria. Uji ukashika chini, na uji wangu mimi haushiki.

"Mormor, vem är det?" akauliza. Mormor ndivyo Waswidi wanavyomwita mama wa mama, na alitaka kujua hawa ni akina nani. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi, na tunaelewana kuliko watu wengi wenye lugha moja.

"Watu wa kwetu," nikamwambia. "Na huyo mtoto mwenye mikebe miwili mkononi ni mimi."

Rafiki yangu, ukishuka leo katika mji ule hutaona nyasi. Nilikwenda kumzika dada yangu nikajionea: maghorofa yamebanana, mageti, maduka ya simu, shule zenye majina ya Kizungu. Watu wanaamka saa kumi ya alfajiri wanakimbilia treni na basi za Nairobi, wanarudi giza limeingia, wanalala. Lakini nilipozaliwa palikuwa na vitu vitatu tu: tangi la maji la reli, nyumba ya stesheni masta, na sufuria ya nyanya yangu, Syombua wa Mbithi.

Treni zilisimama pale kunywa maji, si kuchukua watu. Nyanya akaona kitu ambacho wenye reli hawakukiona, kwamba injini ikinywa na watu nao wana kiu. Akapanga mafiga matatu chini ya tangi akapika uji wa wimbi, mchachu kidogo, mzito wa kumfikisha mtu jioni. Wanaume waliokuwa wakienda viwandani kwa miguu wakaanza kupitia pale. Wanakunywa, kisha wanambembeleza dereva awabebe nyuma. Dereva alikuwa mgumu mpaka siku alipoonja ule uji. Hivyo ndivyo mji ulivyoanza, na asikudanganye mtu.

Kila mnywaji alikuwa na mkebe wake, na mkebe haukwenda nyumbani. Ulitundikwa kwenye msumari, juu ya ubao mrefu chini ya tangi. Wa Ouma, fundi wa injini, ulifungwa waya mwekundu. Wa Wafula, mpiga kengele, ulikuwa umebonyea upande mmoja, kama shavu la mtu asiye na meno. Wa Wanjiru, muuza ndizi, ulipakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango wa stesheni. Kazi yangu, nikiwa na miaka saba, ilikuwa kumpa kila mtu mkebe wake kabla hajaifikia sufuria. Nikikosea, nyanya hakunipiga. Alinitazama tu, akasema, "Ukimpa mtu mkebe wa mwenzake, umemwambia hayupo." Shule niliishia darasa la pili. Majina sikuweza kuyaandika, basi nikayatundika kichwani, na mpaka leo hakuna lililoanguka.

Pakakua. Musa akaleta cherehani, akashona suruali za watu wakiwa wamejifunga shuka wakimsubiri. Akinyi, mke wa Ouma, akakaanga samaki, na harufu ile ikawatoa watu kwenye treni hata ambao hawakuwa na safari ya kushuka. Bwana Singh, stesheni masta, akaandika barua juu ya barua mpaka treni ya wafanyakazi ikapewa ruhusa ya kusimama. Siku iliposimama mara ya kwanza, nyanya alipika sufuria mbili, na shemeji yake Bwana Singh akapiga hii picha. Stesheni ilikuwa na jina lake kwenye ubao, lakini hakuna abiria aliyelitumia. Walisema, "Nishushe Kwa Syombua."

Sasa tazama picha, wa pili kutoka kulia. Kijana mwenye kofia. Huyo ni karani. Alishuka na treni ile ile, ameletwa kuandika viwanja na wenye navyo.

Alikuwa na ulimi laini. Alikuwa akimwita nyanya "mama yangu." Mkebe hakuwa nao, kwa hiyo nyanya akampa wake mwenyewe, mweupe wenye ukingo wa bluu, ambao hata mimi sikuruhusiwa kuunywea. Akakaa kwenye benchi, kitabu juu ya mapaja.

"Mama yangu, jina kamili?"

"Syombua wa Mbithi."

"Na hapa umekaa tangu lini?"

"Tangu mama wa huyu hajaota meno," akasema, akinigusa kichwa.

Kalamu ikatembea. Nilisimama begani kwake nikautazama wino ukikauka, na moyo wangu ulijaa, kwa kuwa nyanya yangu ameingia kitabuni.

Siku ya kusoma viwanja tuliketi kwenye nyasi, chifu kwenye kiti. Cha Musa kikasomwa. Cha Wanjiru kikasomwa. Kilipofika kile cha chini ya tangi, karani akasoma bila kuinua macho: "Kitupu. Hapana mtu."

Nyanya akasimama. "Na mimi ni nani?"

"Mama, kitabu kinasema hapana mtu."

Hakumwita tena mama yangu. Baada ya mavuno, pale palikuwa na nyumba ya mawe, na mwenye nyumba alikuwa karani. Mafiga aliyafukia kwenye msingi. Ubao wa mikebe ulitupwa nyuma ya tangi. Nikaiokota mikebe, nikamrudishia kila mtu wake mlango kwa mlango. Mkebe wa nyanya sikuuona. Nikauona baadaye uani kwa karani, mweupe wenye ukingo wa bluu, kuku wanaunywea maji.

Tulihamia kwa mjomba, mbali na reli, na nyanya hakupika uji tena kuuza. Alipougua mwisho wake, muuguzi alimuuliza jina. Akajibu, "Andika hapana mtu." Muuguzi akacheka, akidhani bibi ana utani. Mimi nilikuwa nimeshika miguu yake.

Basi, Jumamosi ile, simu ikalia. Aliyepiga ndiye aliyetuma picha, mjukuu wa karani. Namba alipewa na mtoto wa dada yangu. Ni kijana mwenye adabu, mwenyekiti wa kamati inayoandika kitabu cha historia ya mji, na hakujua lolote juu yangu ila kwamba kuna kizee huko Swideni kinakumbuka majina.

"Shikamoo, shosho."

"Marahaba, mwanangu."

Akanisomea mwanzo wa kitabu chake. Kwamba kabla ya babu yake palikuwa pori tupu, hapana mtu. Maneno yale yale. Kisha akanieleza shida yake: wanataka barabara ya stesheni ipewe jina la babu, lakini wakazi wamekataa katika mkutano mpaka apatikane shahidi wa zamani, aseme kwamba huyu wa kofia ndiye, na kwamba alikuwapo tangu siku ya kwanza. Wote waliokuwa kwenye picha wamekufa. Nimebaki mimi.

Nikaanza kushoto. Ouma. Akinyi. Wafula. Bwana Singh. Nikafika kwa mwanamke aliyeshika mwiko, nikamwambia aandike polepole, herufi kwa herufi: Syombua wa Mbithi, mpika uji, mwenye mahali. Akaandika. Nikaendelea mpaka kwa mbwa. "Huyo ni Simba, wa Bwana Singh. Alikuwa akiiogopa treni."

Kijana akacheka. "Shosho, hata mbwa?"

"Mbwa hakunikosea."

Akacheka tena, kidogo. "Na huyu wa kofia? Wa pili kutoka kulia?"

Mwende aliacha kutafuna.

"Huyo simjui," nikasema.

"Tazama vizuri, shosho. Nadhani ni babu yangu."

"Inawezekana."

"Humkumbuki kabisa?"

"Mwanangu, mimi ninawakumbuka waliokuwa na mikebe. Huyo hakuwa na mkebe."

Akanishukuru kwa heshima, tukaagana. Mwende akasema kwa Kiswahili, yeye asiyekisema, "Mormor, unamjua."

"Namjua."

Utasema kijana hana kosa. Kweli, hana. Hata mimi sikuwa nalo, nilikuwa na miaka saba. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na langu nimelibeba mpaka nchi ya theluji bila kulionyesha mtu.

Asubuhi nikipanda treni kwenda hospitali ya Flemingsberg, naona kila abiria na kikombe chake cha karatasi. Wakimaliza kahawa wanatupa, hakuna ajuaye kipi kilikuwa cha nani. Kwetu nako ni vivyo hivyo sasa, naambiwa. Tangi lilikatwa likauzwa chuma chakavu. Nyasi hakuna, uji wa wimbi unauzwa kwenye pakiti, na ukimwambia dereva akushushe Kwa Syombua atakuuliza ni wapi.

Juzi ukurasa wa picha ulitumwa, umeshapangwa kwa ajili ya kuchapwa. Barabara imebaki bila jina. Mwende akanisomea watu wote mmoja mmoja, na nyanya yupo. Alipofika wa pili kutoka kulia akasoma, "Mtu asiyejulikana." Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena.

Kuandika nilijifunza hapa, uzeeni, katika darasa la wageni. Jina la karani ninaweza kuliandika lote, na la baba yake, na la mama yake. Umesoma mpaka hapa hujaliona. Nikifa, ninaondoka nalo.