Foleni ya Kunusa Chwele

Mtaani Tuwan, pale Kitale, ukiuliza fundi wa gesi ulionyeshwa mlango wa Gathoni, ambaye wengi walimwita Mama Ciru. Jambo ambalo hawakukuambia, kwa sababu hawakulijua, ni kwamba Gathoni hakuwa anasikia harufu yoyote. Surua ilimshika akiwa na miaka tisa, na ilipomwachilia iliondoka na pua yake. Tangu siku hiyo mandazi na choo cha shule vilikuwa kitu kimoja kwake.

Kazi ya gesi ilikuwa ya mumewe, Wachira. Huyo alikuwa na pua kali na aliiamini kuliko spana. Angeinama kwenye mtungi, avute pumzi mara moja, aseme, "Iko sawa." Siku moja akafanya hivyo akiwa na mafua, kisha akawasha kiberiti. Hakuumia sana, ila nyusi zote mbili zilienda. Zilipoota tena zilikuwa za rangi nyingine, naye akaamua kuhamia shambani kule Kapenguria kulima viazi, ambavyo havilipuki. Vifaa vikabaki kwa Gathoni.

Yeye hakuwa na pua ya kuamini, basi aliamini sabuni. Alikoroga povu kwenye kopo, akalipaka kwa brashi ya kunyolea kwenye kila kiungo, akapiga magoti na kutazama. Povu likifura, panavuja. Likitulia, hapavuji. Alitazama muda mrefu mpaka wenye nyumba wakaanza kukohoa. Kwa miaka kumi na moja hakuna jiko la Gathoni lililomchoma mtu.

Agosti ya mwaka 2006 alikuja mzee mmoja aitwaye Kibiwott, afisa wa kilimo aliyestaafu, mtu wa Kaptama, mlimani Elgon. Alikuja na gari. Lilikuwa jeupe, refu, na ndani lilikuwa nyumba: kitanda, sinki, pazia la maua, na jiko dogo lenye vichomeo viwili. Alilinunua kwa Wazungu wawili waliokuwa wakizunguka Afrika, wakagombana karibu na Kitale, na kila mmoja akarudi kwao kwa njia yake.

"Nimeitwa Mabanga, kule Bungoma, kufundisha wakulima wiki nzima juu ya vitunguu," alisema. "Nataka nilale kwangu na nipike chai yangu. Miaka thelathini ya serikali nimekula chakula cha hoteli. Imetosha."

"Na mama watoto anasema nini?"

"Chepkemei anasema hajawahi kuona mwanaume mwenye nyumba ya mabati mapya akilala ndani ya gari. Nimemwambia sasa ameona."

Gathoni akaingia kazini. Mtungi wa Wazungu ulikuwa mwembamba na mrefu, na nati yake ilifunguka kinyume, kiasi kwamba kila aliyejaribu kuifungua alikuwa ameikaza zaidi. Hakuna mtu Kitale angeweza kuujaza. Akautoa, akaweka mtungi wa kwetu wa kilo sita. Siku hizo mitungi ya kila kampuni ilikuwa na kichwa chake, regyuleta ya kufunga juu ya huyu haingii kwa yule, akazunguka mji nusu siku mpaka akapata iliyoingia. Akakata mpira mpya, akakaza klipu. Kisha akaona tundu kwenye sakafu, chini ya kabati la mtungi, limezibwa kwa soksi.

"Mzee, hii soksi ni ya nani?"

"Ni yangu. Vumbi ilikuwa inaingia."

"Gesi ni nzito. Ikivuja inashuka chini kama maji. Hii ndiyo njia yake ya kutoka."

Kibiwott akaichukua soksi yake, akaikung'uta, akaitia mfukoni. Gathoni akapaka povu, akatazama. Povu likatulia. Akafunga kopo.

"Basi twende," Kibiwott akasema.

"Twende wapi?"

"Mabanga. Hapa gari limesimama. Barabarani litatikisika. Kama italipuka, Mama Ciru, tulipuke pamoja. Nikifika salama nakupa nauli ya kurudi."

Gathoni alifikiri kukataa, lakini hakuwahi kusafiri ndani ya nyumba. Alivaa koti lake jeupe la kazi, akachukua kopo la sabuni, akaketi mbele.

Walipita Kiminini, Kamukuywa na Kimilili, vyombo vikigongana huko nyuma. Karibu na soko la Chwele mwanamke aliyekuwa akivuka na kuku aliziba pua, akalinyooshea gari kidole. Hatua chache mbele, mwendesha bodaboda akafanya vilevile. Kibiwott akasimamisha gari kando ya wauza vitunguu, rangi imemtoka.

"Mama Ciru, inavuja! Nusa!"

"Nusa wewe, mzee."

"Mimi nina mafua tangu Jumapili. Si wewe ndiye fundi?"

Hapo ndipo Gathoni alipolazimika kusema, kwa mara ya kwanza mbele ya mteja, kwamba hana pua. Kibiwott alimtazama kama mtu aliyegundua dereva wake haoni. Gathoni hakungoja aulizwe zaidi. Alifunga mtungi, akafungua milango yote, akaanza kukoroga sabuni. Lakini Kibiwott hakutaka sabuni, alitaka pua. Akamwita muuza vitunguu aliyekuwa karibu, mtu mnene aitwaye Wekoye.

"Ndugu yangu, hebu ingia hapa unuse, uniambie kama ni gesi."

Wekoye akaingia, akanusa kitanda, akanusa sinki, akatoka. "Halufu iko," alisema. "Lakini gesi yenyewe sijui hunuka aje. Sisi tunapika na kuni."

Akaitwa wa pili, akasema ni panya. Wa tatu akasema ni kama kwa marehemu mjomba wake. Wa nne hakuitwa, alijipanga mwenyewe. Watu wa mbali waliona gari jeupe lenye kitanda na pazia, mama mwenye koti jeupe akipiga magoti na brashi, na watu wakiingia mmoja mmoja na kutoka wamekunja uso. Hawakuhitaji kuambiwa. Foleni ikafika kwa wauza mbuzi.

"Daktali, mimi ni goti," akasema bibi mmoja mwenye fimbo, aliyeketi kitandani na kukataa kushuka. Jina lake lilikuwa Lenah, na alikuwa ameshakunja gauni.

"Mama, mimi si daktari. Ni fundi wa gesi."

"Hata kama ni gesi. Inaingia goti hili."

Askari wa kaunsili akafika, akauliza leseni ya kliniki. Kibiwott akamwambia si kliniki. Askari akauliza, kama si kliniki, wagonjwa hawa wanatafuta nini? Kibiwott akamwomba naye aingie anuse. Askari akavua kofia, akaingia.

Gathoni hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ameufungua mtungi tena kidogo, maana povu halionyeshi kitu bila gesi, na sasa amelala kifudifudi, jicho kwenye kiungo cha mwisho, miguu ya watu ikimpita kichwani. Hakuogopa kulipuka. Aliona aibu ya siri yake kufichuka sokoni, mbele ya mbuzi na watu. Hapo pia povu lilitulia. Akainuka.

"Haivuji," alisema. "Mtungi ni mzima na viungo ni vizima. Kinachonuka ni kitu kingine, na palipobaki bila kutazamwa ni chini ya kitanda. Bibi, inuka kidogo."

Lenah akainuka huku akilalamika. Chini ya kitanda kulikuwa na trei ya mayai, yamepasuka nusu, meusi, yanatambaliwa na funza.

"Ah," Kibiwott akasema. "Nilinunua mwezi jana, siku niliyolipata gari. Ya kukaanga ya kwanza."

Trei ikatolewa kwa koleo. Foleni haikuondoka. Ikabidi Gathoni awashe jiko, mbele ya wote, kwa mara ya kwanza. Moto ukatoka wa buluu, mtulivu, na sauti ya "haa" ikapita sokoni. Akapika chai sufuria baada ya sufuria, na kila aliyekuwa kwenye foleni akapata kikombe. Askari alikunywa viwili, akasema leseni ya chai ni nyingine lakini leo amesahau kitabu. Lenah aliposhuka alitembea bila fimbo mpaka kwa wauza ndizi, na hakuna aliyemzuia.

Mabanga walifika salama, na Kibiwott akamwomba Gathoni abaki siku mbili amtazamie jiko. Siku ya kwanza Kibiwott alifundisha vitunguu, na wakulima arobaini wakaangalia dirishani, kule lilikoegeshwa gari. Siku ya pili akachoka.

"Mama Ciru, njoo uwafundishe hicho wanachotaka, kisha tuendelee na vitunguu."

Gathoni aliachia shule darasa la sita na hakuwahi kusimama mbele ya watu zaidi ya watano. Akashika brashi. Akawaambia kwanza kwamba hasikii harufu. Hakuna aliyecheka. Akawaonyesha mpira, klipu, tundu la sakafu, povu. Mwishowe mama mmoja wa nyuma akainua mkono.

"Na sisi tusio na mtungi?"

Gathoni akamgeukia. "Una dirisha jikoni?"

"Liko, lakini nimeliziba na gunia."

"Toa gunia. Moshi nao unataka njia ya kutoka," akasema, na wanawake sita wakaandika.